Jumatatu na Jumanne Dar: fuata maji, kimbia foleni

Mkuu, swali lako nimelisoma. Mnaingia Dar Jumapili jioni kwa treni ya SGR kutoka Dodoma, wewe, shemeji na kijana wa miaka tisa. Mnafikia kwa ndugu Magomeni, Jumanne jioni mnarudi. Unauliza mtafanya nini siku mbili hizo wakati mji mzima uko kazini. Wadau waliotangulia kukujibu wamekutajia ufukwe wa Coco Beach na jengo la maduka la Mlimani City. Si vibaya, ila hayo ni majibu ya Jumamosi.

Kwa hesabu ya majina yetu Jumatatu ni siku ya tatu, lakini kwa Dar ndiyo siku ya kwanza, na watu wanaianza wote kwa pamoja saa ileile. Mgeni anayeandika orodha ya maeneo halafu anatoka saa mbili asubuhi ataimaliza Jumatatu kwenye kiti cha daladala. Usipange kwa maeneo, panga kwa vitu viwili: foleni inaelekea wapi, na bahari ina maji saa ngapi. Ukivijua hivyo, Jumatatu ni siku nzuri kuliko wikiendi, kwa sababu kila mahali pa kupumzika pamebaki peupe.

Foleni kwanza. Asubuhi, tuseme saa 12 hadi saa 3, barabara ya Morogoro, ya Bagamoyo (ambayo ikiingia mjini inaitwa Ali Hassan Mwinyi), ya Nyerere na ya Kilwa zote zinamimina watu kuelekea Posta na Kariakoo. Kuanzia saa 10 jioni zinawarudisha, na hilo linaweza kwenda hadi saa 2 usiku. Kivuko cha Kigamboni kinafuata mtindo huohuo juu ya maji: asubuhi umati unatoka Kigamboni kuja mjini, jioni unarudi. Kwa hiyo asubuhi kwenda Kigamboni unapanda pantoni lina nafasi tele, na jioni kurudi mjini vilevile. Watu wanaokilalamikia kivuko ni wale wanaokwenda nacho upande mmoja na wenzao.

Sasa maji. Hili wageni wa bara huwa hawaambiwi, halafu wanafika ufukweni saa nne asubuhi wanakuta bahari imekimbia mbali na mtoto ana kaptula ya kuogelea mkononi. Pwani ya Dar maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu kando yake, tofauti kati ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo.

Hesabu ya kichwani ni hii. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile ya ukutani inatosha. Tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa takriban saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa takriban saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Ukifika tarehe 8 au 22 mambo yamegeuka: maji yanajaa saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 jioni. Haitakupa dakika kamili, lakini kwa kupanga kuogelea inatosha kabisa.

Ratiba yako ya Jumatatu inatoka hapo. Kama ni siku za bamvua, asubuhi kaa mjini, kisha vuka Kigamboni saa 7 mchana, ogelea maji yakiwa juu, rudi saa 12 jioni kinyume na umati. Kama ni maji mafu, vuka Kigamboni asubuhi mapema, na mji na makumbusho viwe vya mchana. Katika hali zote mbili mnaanzia sehemu moja: Feri.

Soko la samaki la Magogoni, ambalo kila mtu analiita Feri, liko pua na pua na kituo cha mwisho cha mwendokasi, Kivukoni. Kutoka Magomeni Mapipa ni basi moja tu. Tatizo ni kwamba magari ya kutoka Kimara yakifika Magomeni Jumatatu asubuhi yameshajaa hadi mlangoni. Dawa ni mbili: uwe kituoni saa 11 na nusu alfajiri, kabla wimbi halijafika, au usubiri gari linalotokea kituo cha Morocco, ambalo kwa kawaida linafika Magomeni likiwa na pumzi kidogo. Hakikisha kadi ina salio tangu Jumapili, maana foleni ya dirishani Jumatatu inaweza kuwa ndefu kuliko safari yenyewe. Na kama ni masika, kati ya Machi na Mei, na usiku mvua imepiga kweli, uliza kwanza hali ya Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika pale, mabasi yanakatishwa, na njia ya kuzunguka itakula asubuhi yote.

Feri fika kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Vaeni viatu vyenye meno. Sakafu ina maji na magamba muda wote, na malapa ya kuteleza ndiyo yanayomwangusha mgeni. Simu mfuko wa mbele. Pesa iwe ya noti ndogo, kwa sababu chenji ya elfu kumi asubuhi ni mtihani. Mtoto mshike mkono, si kwa sababu ya wezi hasa, bali kwa sababu wabeba matenga wanapita mbio na hawana breki. Ukisikia "pisha!", pisha kwanza ndiyo uangalie ni nani.

Mnachokwenda kuona ni mnada. Samaki wanashushwa, dalali anasimama, bei inapanda kwa sauti, na mzigo unaondoka kabla hujaelewa umeuzwa shilingi ngapi. Usitie neno ukiwa umesimama kwenye duara la mnada. Wanaonunua pale ni wafanyabiashara wanaochukua ndoo na matenga, na mgeni anayetaja bei kwa utani anaweza kujikuta ana tenga zima la vibua. Mnunuzi wa nyumbani anakwenda kwenye meza za rejareja, ambako samaki huyohuyo anauzwa kwa fungu au mmoja mmoja, bei ikiwa imeongezwa faida ya mkono wa pili. Hiyo ni halali yake, amekukatia shida ya kununua tenga.

Mwezi unaingia hapa pia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, kwa hiyo siku za mwezi mpevu dagaa wabichi wanaadimika na bei inasimama. Pweza ni kinyume chake: wanapatikana sana siku za bamvua, maana maji yakipwa mno miamba inabaki wazi na watu wanawafuata kwa miguu. Halafu kuna upepo. Kipindi cha kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari inachafuka, vyombo vidogo vinabaki nchi kavu, na bei ya Feri inapanda bila kumuuliza mtu. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba, mambo yanalainika.

Kwa kuwa mnafikia kwa ndugu, kuingia nyumbani na samaki ni heshima kubwa kuliko mkate na soda. Chagua hivi: jicho liwe limejaa na linang'aa, si lililozama na ukungu, funua matamvua, yawe mekundu, si kahawia, bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Samaki aliyemwagiwa maji kila dakika si lazima awe mbichi, maji yanaweza kung'arisha hata mzee, kwa hiyo matamvua ndiyo shahidi wa kuaminika. Changu na tasi wanafaa kukaanga na kupaka. Nguru na jodari wanakatwa vipande, na jodari ukimkaanga kupita kiasi anakuwa kama kuni. Kibua ni wa kila siku, mafuta mengi, ladha kubwa, lakini ndiye anayeharibika haraka kwenye joto, basi asikae kwenye mfuko saa tatu mkizunguka mjini. Pweza mbichi kama hajapigwa atakuwa mpira. Mpige, au mlaze kwenye friza usiku mmoja, baridi inafanya kazi ileile ya kulainisha.

Wapo vijana wanaopaa samaki palepale kwa malipo madogo. Patana bei kabla hajaanza kukwangua, na usimame ukiangalia, ili aliyeingia ndiye atoke. Kisha nunua barafu, na samaki wapelekwe nyumbani moja kwa moja. Mmoja wenu anarudi nao Magomeni kwa mwendokasi, na saa hiyo mabasi ya kutoka mjini yana nafasi. Kama hamtaki usumbufu huo, eneo la wakaangaji liko humohumo sokoni. Mnaleta samaki wenu au mnanunua aliyekwisha kukaangwa, mnapata na ugali au chapati, na hicho ndicho kifungua kinywa. Mtoto ataikumbuka mipini ya yale makarai kuliko jengo lolote.

Picha: samaki na soko, omba ruhusa kwanza, wengi hawakatai. Lakini kamera usiielekeze upande wa Ikulu, iko jirani kabisa. Hata bandari na askari waache. Hapo hakuna utani.

Tuseme sasa ni siku za bamvua, asubuhi mnabaki mjini. Kutoka Feri tembeeni kwa miguu, jua bado ni la kuvumilika. Fuata barabara ya Kivukoni kando ya maji, bandari ikiwa kushoto kwako. Mtakutana na kanisa la Kilutheri la Azania Front, vigae vyekundu na mnara, kazi ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mbele yake kidogo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Jumatatu makanisa haya yana ukimya ambao Jumapili hutaupata, lakini kama kuna misa ya asubuhi kaeni nje hadi iishe.

Pandeni kuelekea Sanamu ya Askari, pale kwenye mzunguko wa mtaa wa Samora. Watu hupiga picha na kuondoka, ila simameni msome. Ni ya shaba, iliwekwa 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya gavana Mjerumani Wissmann ambayo Waingereza waliing'oa walipoingia mjini 1916. Bayoneti inaelekea bandarini. Maandishi yake hayawataji wapiganaji peke yao, yanawataja na wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kikosi cha wapagazi hao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao Dar ndiyo iliyozaa jina Kariakoo. Mwambie kijana hapo, kesho akifika Kariakoo atajua amekanyaga nini.

Kutoka hapo ifuate Samora hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani 1893. Ni ndogo, ina miti mikubwa na tausi wanaotembea kama wenye shamba. Kupumzika dakika ishirini panatosha. Ng'ambo yake ni Makumbusho ya Taifa, mlango uko mtaa wa Shaaban Robert.

Waliozoea Ulaya hudhani Jumatatu makumbusho yamefungwa, kwa sababu kule mengi hufunga. Hapa yanafunguliwa kila siku, saa 3 na nusu asubuhi hadi saa 12 jioni. Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha raia ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni wa nje, na mlangoni wanaweza kukuuliza. Jumatatu kuna jambo moja la kuangalia: mabasi ya shule. Yakishaingia, ukumbi wa chimbuko la binadamu unageuka mnada mwingine. Mkiona watoto wamejipanga pale, anzeni na magari ya viongozi nje, ikiwemo Rolls Royce, kisha rudini ndani.

Kwa mtoto wa miaka tisa usijaribu kumaliza kila kabati. Vitu vitatu vinatosha. Kwanza habari ya Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Pili nyayo za Laetoli, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Mwambie aweke mguu wake kando yake kwa macho, alinganishe. Tatu kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, iliyoko bustanini. Saa moja na nusu imekwisha, na mmetoka kabla hajaanza kuuliza soda iko wapi.

Kuna na Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, kilichoanzishwa 1967. Kinafunguliwa pia Jumatatu, ila utamu wake ni ngoma, na ngoma hupangwa zaidi wikiendi. Jumatatu utaona nyumba bila wenyewe. Mimi ningekiacha kwa safari nyingine.

Kigamboni sasa. Kivuko ni shilingi 200 kwa mtu, kwa kadi ya N-Card. Safari yenyewe ni dakika chache, kinachokula muda ni kusubiri, na mkifuata saa nilizosema kusubiri kunapungua. Milango ya chumba cha kusubiria ikifunguliwa usikimbie na mtoto; waache wenye haraka zao wapite, nafasi ipo. Kaeni pembeni juu, upande unaotazama mdomo wa bandari, meli kubwa zikipita mtaziona kwa ukaribu ambao hamtaupata popote pengine kwa mia mbili.

Upande wa pili kuna bajaji na daladala za Mjimwema na Kibada. Fukwe za Mjimwema na kuendelea kusini ndizo za kuogelea. Sehemu nyingi zinaendeshwa na hoteli na baa, zinatoza kiingilio au zinakutaka ununue chakula. Uliza kabla ya kukaa, na uliza chakula kinachukua muda gani. Jumatatu jikoni wanakuwa wachache, samaki wa kuagiza anaweza kuchukua saa nzima na nusu, kwa hiyo agiza kwanza ndiyo muingie majini. Wakati wa kusi mawimbi ni makubwa zaidi na mwani unaletwa ufukweni. Mtoto abaki maji ya kiunoni. Kurudi, mkichelewa kivuko au kikiwa na hitilafu, kuna Daraja la Nyerere la Kurasini, lililofunguliwa 2016. Ni mzunguko mrefu, lakini linawatoa.

Coco Beach je? Mihogo ya kukaanga na mishikaki ni ya kweli, nendeni jioni kama mna nguvu. Ila mambo mawili. Si mahali pa kumwachia mtoto aogelee, kuna mawe ya matumbawe na mkondo. Na pwani ile inatazama mashariki, kwa hiyo wanaokwenda "kuangalia jua likizama baharini" wanaligeuzia mgongo. Jua la kuzama juu ya maji linaonekana upande wa pili wa rasi, Slipway, kwa kuwa pale unaitazama ghuba ya Msasani ukielekea magharibi. Mawio ndiyo ya Coco, saa 12 asubuhi na ushee.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinapendeza siku za kazi, ufukwe unakuwa wa kwenu. Shida ni boti. Bei hupangwa kwa kundi, kwa kawaida wanataka watu wanne au zaidi, na Jumatatu hakuna wa kuchangia naye, utalipia viti vitupu. Juu yake kuna ada ya hifadhi ya bahari. Kwa watu watatu na siku mbili, hesabu haikai vizuri.

Jumatatu usiku usitafute bendi. Mji umechoka, muziki wa dansi ni wa kuanzia katikati ya juma. Usiku huu ni wa kula. Zunguka mitaa ya Kisutu na Jamhuri baada ya magharibi, majiko ya mkaa yanatolewa barabarani: mishikaki, kuku wa kuchoma, ndizi, chipsi, mkate wa kumimina. Anayetaka joto la tumbo anywe supu ya pweza kwa muuza meza wa mtaani, akimwambia apunguze pilipili kabla hajaitia, si baada. Mzee wa kahawa chungu na kashata anapita na birika lake. Kikombe kimoja hakimnyimi mtu usingizi, vitatu ndiyo.

Jumanne ni ya Kariakoo. Kwa nini si Jumatatu? Jumatatu asubuhi wenye maduka ya mikoani wanajaza mizigo, maguta na mikokoteni yamefunga mitaa, na muuzaji anayehesabu dazeni hana muda na mtu wa pisi moja. Jumanne kati ya saa 3 na saa 6 kuna nafasi ya kuongea. Kutoka Magomeni pandeni basi la Gerezani, mshuke Msimbazi Polisi.

Lipitieni jengo la soko lenyewe hata kama hamnunui kitu. Lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Watanzania, likafunguliwa Desemba 1975. Angalieni paa: ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ili ipokee mvua na kuingiza hewa. Liliungua tarehe 10 Julai 2021, ujenzi mpya ukafuata.

Kama shemeji anataka kanga, mwende mtaa wa Uhuru, ndiko maduka ya jumla. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Ifunue yote kabla ya kulipa. Pindo ziwe sawa pande zote nne, maana ikichapwa kombo, mshono nao utakwenda kombo. Jina lisome lote, na ulisome na macho ya huyo utakayempelekea. Si kila jina ni la kumpa mama mkwe. Pamba halisi ukiikunja kiganjani inabaki na mikunjo, iliyochanganywa na nailoni inarudi laini na inateleza. Rangi ijaribu kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, usugue kwenye pindo jeusi au jekundu. Ikitoka kidogo, loweka kwenye maji ya chumvi kabla ya kufua mara ya kwanza. Ikitoka sana, mrudishie.

Mtaa wa Kongo ni nguo, na ndiko penye msongamano na mikono myepesi. Kwa bei, muulize muuzaji "ya jumla unaanzia ngapi?" kabla ya kutaja pisi moja. Mara nyingi pisi tatu zinatosha kupewa bei ya jumla, na mnaweza kuchanganya rangi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kiasi kilichoandikwa kiwe ulicholipa. Sheria inamgusa hata mnunuzi, ukikutwa na mzigo bila risiti unaweza kupigwa faini wewe pia.

Kwa vinyago, Mwenge ni bora kuliko maduka ya hoteli. Ila ni upande wa barabara ya Bagamoyo, hivyo kwenda asubuhi ni kinyume na foleni, kurudi kabla ya saa 9. Mpingo wa kweli ni mzito mno, kipande chake kinazama majini. Mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu utaacha weusi kwenye kitambaa chenye unyevu, na chini kwenye kitako, ambako fundi hakupaka vizuri, utaona weupe. Mstari wa rangi ya krimu ndani ya mpingo si kasoro, ni mbao changa ya nje ya mti, iliyo chini ya ganda. Kasoro ni ufa mwembamba unaofuata nyuzi. Kinyago kilichochongwa mti ukiwa mbichi kikifika Dodoma, kwenye ukavu ule, ufa huo utafunguka.

Kama mna shughuli ya ofisi za serikali, fanyeni Jumanne mapema. Ofisi ni saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, na Jumatatu foleni zinabeba na waliokwama Ijumaa.

Tiketi ya kurudi kateni hata kabla ya kuondoka Dodoma. Daraja la kawaida Dodoma na Dar lilianza na nauli ya 31,000 huduma ilipoanza Julai 2024. Jina la kwenye tiketi lifanane na kitambulisho, herufi kwa herufi, la sivyo mtasimamishwa getini. Mkitoka Kariakoo stesheni haiko mbali, bajaji inatosha. Kwa miguu mkiwa na mabegi na jua lile, hapana. Muwe pale saa moja na zaidi kabla, maana mizigo inapita kwenye mashine na foleni yake haiangalii saa yako. Samaki wabichi msithubutu kupanda nao. Dagaa wakavu, wafungeni mifuko mitatu mmoja ndani ya mwingine.